Lahaja Si Kosa: Kauli ya Mzawa wa Kijerumani

Wanaojifunza Kijerumani huniuliza mara kwa mara: Jumamosi ni Samstag au Sonnabend? Nami hujibu kwamba yote mawili ni sahihi. La kwanza ni la kusini, la pili ni la kaskazini na mashariki. Jibu hilo haliwaridhishi, kwani wao walitaka neno moja.

Siwalaumu, kwa kuwa nami nililelewa hivyo. Nilizaliwa Bavaria, na nyumbani kwetu siagi ilikuwa der Butter, yaani jinsia ya kiume. Shuleni neno hilo lilikatwa kwa wino mwekundu: sharti liwe die Butter, la kike. Tena kwetu hatusimulii ya jana kwa kusema ich ging. Twasema ich bin gegangen, na msikilizaji hapungukiwi na kitu. Nikatoka shuleni nikiamini kwamba mama yangu hakuijua lugha yake mwenyewe.

Kumbe mambo ni kinyume. Kijerumani sanifu ndicho kilichokuja nyuma, kikijengwa kwa kalamu. Martin Luther alipotoa Agano Jipya mwaka 1522, na Biblia nzima mwaka 1534, alifuata lugha ya maandishi ya ofisi za watawala wa Saxony. Lahaja zilikuwapo kabla yake. Mtu wa kaskazini asemaye Water badala ya Wasser, au maken badala ya machen, hakuharibu neno. Sauti zake ndizo kongwe. Tuliobadilika ni sisi wa kusini.

Washairi walilitambua hili mapema. Johann Peter Hebel alichapisha diwani ya Kialemani mwaka 1803, na Klaus Groth akatoa yake ya Kijerumani cha Chini mwaka 1852. Hata Goethe, mzawa wa Frankfurt, katika Faust alioanisha neige na neno liishialo kwa -reiche. Kwa matamshi sanifu kina hicho hakitimii. Kwa matamshi ya kwao, ambako g ya katikati hulainika ikawa ch, kinatimia bila kasoro.

Sasa niungame. Nilipokuwa nikijifunza Kiswahili, nilikutana na neno “mato” katika shairi la Kimvita, nikalipigia mstari nikidhani ni kosa la chapa. Wino mwekundu ulikuwa umehamia mkononi mwangu.

Sina ugomvi na usanifu. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mtu wa Kigoma na wa Lamu wameweza kusoma kitabu kimoja. Lakini usanifu ni wa kutuunganisha, haukuwekwa uwe hakimu wa mashairi. Malenga aliyeoanisha “mato” na “watoto” ametimiza kina. Mhariri anayeandika “macho” amekivunja, kisha lawama humwangukia malenga.

Watasema msomaji wa bara hataelewa. Basi na atiliwe sherehe chini ya ubeti, maneno mawili matatu, ajifunze. Ubeti wenyewe uachwe ulivyotungwa. Mwacha asili ni mtumwa, na mhariri asiwe wa kumlazimisha mwenziwe kuiacha yake.