Umeme wa Kariakoo Unakosa Pumzi

Twasema wazi bila kuficha: hapa Ilala, na hasa Kariakoo, tunayapika makabati ya umeme kisha tunalalamika kwamba umeme ni mbovu. Kabati limebanwa ukutani, matundu yake yamezibwa kwa gundi na rangi, na mbele yake yamepangwa majora ya vitenge mpaka darini. Ndani yake umeme wa duka zima unapita mchana na usiku. Je, joto lake litokee wapi?

Kila mwananchi anayelipia luku yampasa alijue jambo hili. Umeme ukipita katika waya, swichi au inveta, sehemu yake hugeuka joto. Joto lisipotoka, mpira wa waya hukauka na kupasuka. Mafundi wana kanuni ya siku nyingi: kila joto likizidi nyuzi 10, umri wa kinga ya waya hupungua karibu nusu. Sakiti breka nayo ikichemka hukata umeme kabla ya wakati. Hapo ndipo anapoitwa kishoka, naye huweka breka kubwa zaidi. Duka linawaka taa, wenyewe wanafurahi, kumbe waya umenyang'anywa mlinzi wake.

Mwenye fedha naye hukimbilia kununua kiyoyozi cha kupozea kabati. Na tufanye hesabu. Chukua kabati linalotoa joto la wati 600. Mchana wa kaskazi hewa ya Dar es Salaam hufika nyuzi 32 hivi. Ndani ya kabati tunataka isizidi 40. Tofauti ni nyuzi 8. Zidisha wati 600 kwa 3.1, ugawanye kwa 8: utapata mita za ujazo 233 za hewa kwa saa. Kazi hiyo yafanywa na feni ndogo ya wati 50 hivi. Kiyoyozi cha kuondoa joto hilohilo chaweza kula wati 300. Vikifanya kazi saa 24, feni imetumia uniti 1.2 na kiyoyozi uniti 7.2. Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Je, tulilijenga ili tupoze masanduku tuliyoyaziba kwa mikono yetu wenyewe?

Wako watakaosema hewa ya nje ni ya nchi za baridi. Ni kweli kwamba mwaka 2011 kampuni ya Facebook ilifungua jumba la kompyuta huko Prineville, Marekani, linalopozwa kwa hewa ya nje, na Prineville si Kariakoo. Lakini swichi si binadamu; haihitaji ubaridi wa ofisi. Makabati mengi ya umeme yameundwa kukaa mahali penye joto la hadi nyuzi 40. Maadamu hewa ya nje ni baridi kuliko kiwango kinachotakiwa ndani, hewa hiyo ni mali yetu, wala haiagizwi ng'ambo.

Wazee wetu waliijua kazi hii. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, ili upepo upite. Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, lilipewa miavuli mikubwa ya zege juu ya soko la wazi, si sanduku lililofungwa.

Basi kifanyike nini? Tundu la kuingiza hewa liwe chini, la kutolea liwe juu upande wa pili, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Yote mawili yawekwe wavu wa kuzuia panya na kizuizi cha mvua, na la chini lipewe chujio la vumbi. Chujio lisafishwe kila mwezi, maana chujio lililojaa vumbi ni sawa na tundu lililozibwa. Kabati la nje lijengewe kivuli. Hewa isivutwe kutoka kwenye uchochoro ambamo viyoyozi vya jirani vinatapika joto. Palipo na chumvi ya bahari au vumbi jingi mno, litumike kabati lililofungwa lenye kibadilisha joto, ambamo hewa ya nje hupoza bila kuchanganyika na ya ndani. Kiyoyozi kije mwisho, hesabu ikikataa. Na kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, umeme ukiwa umezimwa.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu liliungua. Hatusemi moto ule uliletwa na kabati lenye joto. Tunasema Kariakoo inajua moto ni nini, na wafanyabiashara wake wanajua mtaji wa miaka mingi unavyokwisha kwa usiku mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kabati la umeme, anayeziba tundu ndiye atakayeujenga ukuta huo.

Wenye majengo, acheni nafasi mbele ya makabati. Wapangaji, ondoeni majora hayo leo. Ndugu mafundi, fanyeni hesabu kabla ya kuuza kiyoyozi. Upepo wa kusi na kaskazi unapita mlangoni petu bure, tuufungulie njia.