Mtoto Anayeogopa Kalamu

Wazazi wengi watulalamikia jambo moja. Mtoto wao nyumbani ni msemaji hodari, asimulia habari za soko na za mpira hata wageni wakacheka. Lakini akipewa insha shuleni aandika mistari mitatu, kisha akaa akiuma kalamu. Watuuliza kama ni mvivu. Twawajibu kwamba mara nyingi mtoto huyo ni mwoga, na woga wake una asili yake.

Fungueni daftari lake. Mwalimu amekata neno hili, amepigia mstari neno lile, na chini ameandika 4 juu ya 10, basi. Mtoto amesimulia kifo cha mbuzi wa nyanya yake, na jibu alilopata ni kwamba herufi moja imekosekana. Safari ijayo ataandika yale maneno machache anayoyajua hakika, maana asiyeandika mengi hakosi mengi. Hiyo ni hesabu ya mwenye akili. Tena kwetu aombwa mara nyingi kuandika kwa Kifaransa, lugha asiyoisikia jikoni kwa mama yake.

Wengine hudhani dawa ni sifa: «Vizuri sana» chini ya kila kazi. Hatukubali. Mtoto huitambua upesi sifa ya bure, na tangu siku hiyo hasadiki hata ile ya haki.

Tuangalie mfano mmoja wa Italia. Mwezi wa Desemba 1954 Padri Lorenzo Milani alitumwa Barbiana, parokia ndogo ya milimani katika jimbo la Firenze, mahali pasipo na umeme. Huko aliwakuta watoto wa wakulima, wengi wao wakiwa wameshindwa katika shule za serikali, kwa kuwa hawakujua kusema na kuandika kama watoto wa mjini. Akawafungulia shule katika nyumba yake. Walisoma tangu asubuhi hata jioni, bila likizo. Aliyekuwa nyuma kuliko wote ndiye aliyengojewa: somo halikuendelea mpaka naye afahamu, na wakubwa waliwafundisha wadogo.

Waliandikaje? Kila mmoja alichukua kijitabu mfukoni, na wazo likimjia aliliandika. Kisha kila wazo liliwekwa juu ya kikaratasi chake, na vikaratasi vyote vikatandazwa mezani. Walivisoma kimoja kimoja, wakaondoa vilivyorudia, wakavipanga mafungu, na mafungu yakawa sura. Ndipo walipoanza kubishana juu ya kila neno. Neno lisilo na kazi lilifutwa. Hata lile ambalo mtu halitumii katika kusema lilifutwa. Mwishoni waliwaita watu wa nje, hasa wale wasiosoma sana, ili waone kama maandiko yafahamika.

Tazameni vema: makosa yalisahihishwa, tena kwa ukali kuliko shule nyingi. Padri Milani hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini yaliyohukumiwa ni maandiko yaliyolala mezani, ambayo ni mali ya wote, na kila mtoto alijua kwamba wapo watu wanaongoja kuyasoma. Mwezi wa Mei 1967 vijana hao walitoa kitabu, Lettera a una professoressa, yaani Barua kwa mwalimu wa kike, kwa sababu wenzao walikuwa wameangushwa katika mtihani wa chuo cha ualimu. Italia nzima ilibishana juu yake. Padri Milani alifariki tarehe 26 Juni mwaka uleule, akiwa na umri wa miaka 44.

Mwalimu mwenzetu atasema: «Wale walikuwa wachache, mimi nina watoto sitini.» Ni kweli, wala hatumwambii asome insha sitini usiku mmoja. Juma hili asahihishe vitenzi tu, mengine yangoje. Chini ya insha kumi aandike swali moja la kweli, kama hili: «Mbuzi alikufa kwa ugonjwa gani?» Juma lijalo achukue kumi nyingine. Swali hilo lamwonyesha mtoto kwamba yuko mtu aliyemsoma. Kisha aandike tena insha ileile, asipewe mpya. Shule zetu hupenda mno insha mpya, na kazi ya kuandika mara ya pili, ambayo ndiyo hasa hufundisha, yaachwa.

Nao wazazi wasiokwenda shule wasidhani hawana kazi. Jioni, mama akikoka moto, mtoto amsomee alichoandika. Kama ni Kifaransa, amweleze kwa Kiswahili. Pale mama asipofahamu, amkatize: «Hapo ulitaka kusema nini?» Mtoto atajibu kwa mdomo, na mara nyingi jibu hilo ndilo sentensi iliyokosekana katika daftari. Alitie hapohapo, kabla ugali haujaiva.