Mihadhara ya Hadhara Ishuke Kutoka Mlimani

Maneno mhadhara na hadhara ni watoto wa tumbo moja. Lugha yenyewe imekwisha kutuamulia kwamba palipo na mhadhara lazima pawe na watu waliohudhuria, wanaosikia na kuelewa, na wenye haki ya kuuliza. Hata hivyo kila mwaka wa masomo unapokaribia kufungwa, vyuo vikuu vyetu hufanya mihadhara iitwayo ya hadhara, maonyesho ya sanaa na sherehe za mahafali, na hadhara inayojitokeza aghalabu ni ileile: wahadhiri, wanafunzi, wageni rasmi, na sisi waandishi wa habari tulioketi safu ya nyuma. Mkulima wa mpunga wa Mang'ula huyasikia mambo hayo kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha ng'ambo ya mto. Anajua kwamba inachezwa, lakini hajui inachezewa nini.

Nimeitaja Mang'ula makusudi. Mji huo mdogo ulioko chini ya milima ya Udzungwa, kati ya Kidatu na Ifakara, si mahali palipopitwa na elimu ya juu. Ni mahali ambapo elimu ya juu imekuwa ikichota kwa miaka mingi. Mwaka 1979 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikutana na kima wa Sanje, mnyama ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika. Wenyeji walimjua siku zote, wakimwita kwa jina lao, na mwenyeji aliyewaongoza watafiti hao msituni ndiye aliyewatambulisha mlio wake. Mwaka 1992 milima hiyo ikafanywa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilomita za mraba 1,990, makao makuu yake yakiwa hapo hapo Mang'ula. Mwaka 2006 kikajengwa kituo cha kufuatilia ikolojia ya Udzungwa, ambamo wasomi kutoka nchi mbalimbali hulala, hula na kuandika. Ukishuka bondeni hadi Ifakara, utakuta maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria.

Ni shahada ngapi zimepatikana kutokana na miti, kima, mbu na damu ya bonde hili? Sitathubutu kuzihesabu. Ninachouliza ni jambo dogo zaidi: wangapi katika wale waliopata shahada hizo walirudi wakasimama mbele ya watu wa Sanje, Mwaya au Msolwa na kuwaeleza walichokipata?

Chukua mfano wa kuni. Kwa miaka mingi wanakijiji wanaopakana na hifadhi waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu ya juma kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Sina nia ya kubishana hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa maana msitu ukiisha, mito inayonywesha mashamba ya Kilombero nayo itaisha. Lakini juu ya kuni hizo zimeandikwa makala za kitaalamu, zenye hesabu na majedwali, kwa Kiingereza, katika majarida yanayouzwa kwa fedha za kigeni. Mama aliyeubeba ule mzigo kichwani ameingia katika jedwali bila kuuona ukurasa wake. Huyu ndiye mtu ambaye mhadhara wa hadhara ulitakiwa kufanywa kwa ajili yake, na ndiye ambaye kadi ya mwaliko haimfikii.

Hapana budi tuseme haki: Mlimani penyewe hapakuzaliwa na tabia hiyo ya kujifungia. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wapatao 14. Chama cha wakulima na wafanyakazi kilikipa chuo nyumba yake. Kilipohamia mlimani mwaka 1964 umbali kati yake na watu ukaanza kuonekana, na tarehe 22 Oktoba 1966 ukadhihirika wazi, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliwahi pia kuwafananisha wasomi na kijana ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Watu wa Mang'ula wanauelewa mfano huo bila kuhitaji mkalimani.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, chuo kilibadilika. Wengi wetu tuliozaliwa baadaye tumezisikia sifa za miaka ile kwa waliokuwapo: Walter Rodney akifundisha na kubishana hata siku ya Jumapili, wapigania uhuru wa nchi za kusini wakija kuzungumza, Stokely Carmichael akifika kutoka Marekani mwaka 1967, na Mwalimu mwenyewe akipanda mlimani kujibu maswali ya vijana. Juni 1974 Kongamano la 6 la Umajumui wa Afrika lilifanyika katika Ukumbi wa Nkrumah. Ukumbi huo haukuwa pambo. Mambo yaliyosemwa mle yaliwagusa watu waliokuwa wakifa Msumbiji na Angola wakati huohuo. Na mwaka 2009, kupitia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, tamasha la kitaaluma lilianzishwa, na mhadhiri wake wa kwanza akawa Wole Soyinka wa Nigeria. Ilikuwa kazi njema, na waliosikiliza walifaidi. Waliosikiliza, nasema.

Huku bondeni Ukumbi wa Nkrumah ulifika kwa njia moja ya uhakika, nayo ni noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010, yenye picha ya ukumbi huo mgongoni. Wauza ndizi wa Mang'ula waliushika mkononi kwa miaka mingi bila kujua ni jengo gani. Sasa noti hiyo nayo imeondolewa, baada ya Benki Kuu kuwataka wananchi kuibadilisha kati ya Januari na Aprili 2025.

Katika sanaa za maonyesho ndiko tunakoona wazi zaidi kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1968 chuo kiliwatuma wanafunzi wa historia katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji, wakakaa na wazee na kuandika waliyoyakumbuka. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake Kinjeketile, iliyochezwa chuoni na kusomwa mashuleni tangu hapo. Wambunga wa bonde hili na Wapogoro wa Mahenge walikuwamo katika vita ile. Tarehe 30 Agosti 1905 waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, wakaangushwa kwa bunduki za rasharasha. Tamthilia kama hiyo ikichezwa Ifakara au Mang'ula, watazamaji hawatakuwa watazamaji tu. Watakuwa wajukuu wa wahusika, na huenda wakawa na la kusahihisha.

Wapo waliokwisha kuifanya kazi hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere waliunda kikundi cha maonyesho cha kusafiri, wakazunguka miji na vijiji wakicheza kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha za Uganda, bila kiingilio. Kwetu, mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, si kwa kuwaonyesha wanakijiji mchezo uliokwisha kutungwa, bali kwa kukaa nao hadi wanakijiji wenyewe walipoyatoa matatizo yao, yakiwamo mimba za wasichana wadogo na vijana kukosa kazi, wakayatungia ngoma na michezo, wakayacheza na kuyajadili. Kazi ile ilikuwa ya taratibu, yenye safari nyingi, wala haikuwa na meza kuu. Mimi binafsi naihesabu kuwa mhadhara bora kuliko mingi niliyohudhuria nikiwa nimevaa tai.

Upande wa sayansi pia bonde la Kilombero lina ushahidi wake. Kati ya mwaka 1996 na 2000 watafiti wa Ifakara walieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Hawakuviita kwa jina la maabara. Waliviita Zuia Mbu, na habari zake zikatembea vijijini kwa lugha ambayo kila mzazi aliielewa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Wataalamu walioamua kusema na watu waliona matokeo yake katika uhai wa watoto, na hakuna aliyelalamika kwamba elimu imeshushwa hadhi.

Nitakumbushwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo mazito. Hoja hii imezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa hapo hapo Mlimani mwaka 1970, na miaka hiyohiyo Idara ya Kiswahili ikaanza kufundisha shahada kwa Kiswahili chenyewe. Msomi anayeshindwa kueleza kwa Kiswahili kwa nini maji ya mto yamepungua, amwombe radhi mwalimu wake, maana huenda hata kwa Kiingereza amekariri tu. Sisemi kila mhadhara uende kijijini. Ipo mijadala ya wataalamu inayohitaji wataalamu peke yao, na hiyo tuwaachie kwa amani, mradi isiitwe ya hadhara.

Kuhusu fedha, nitasema kidogo. Anayetaka kujua kama fedha zipo au hazipo, atazame mapambo, maturubai, fulana zenye nembo na chakula cha wageni katika sherehe za mwisho wa mwaka.

Mahafali nayo yana jambo lake. Mzazi wa mashambani huuza magunia ya mpunga, akapanda basi alfajiri, akaketi juani ili amwone mwanawe katika joho. Katika mahafali moja niliyohudhuria, bibi mmoja aliyekuwa karibu nami aliniuliza kwa adabu, "Mwanangu, bado hawajaanza tu?" Walikuwa wamekwisha kumaliza. Mwanawe alikuwa ametunukiwa pamoja na mamia ya wenzake kwa sentensi moja, katika lugha ambayo bibi yule haijui. Aliposikia hivyo alicheka, akasema basi atamwuliza mtoto mwenyewe nyumbani. Kwa siku ambayo familia nzima imeigharimia kwa miaka, hiyo ni shukrani haba.

Basi ninapendekeza nini? Kwanza, kila mwanafunzi na kila mtafiti aliyechukua habari kutoka kijiji fulani, kabla ya kuvaa joho au kuchapisha kitabu, apeleke katika ofisi ya kijiji hicho kurasa mbili za Kiswahili zinazosema alitafuta nini na amepata nini. Kurasa mbili hazimshindi mtu aliyeandika mia mbili. Pili, kila chuo kiteue katika ratiba yake ya mwaka mhadhara mmoja, na onyesho moja la sanaa, vifanyike nje ya uzio wake. Kwa bonde la Kilombero hakuna haja ya kusubiri wageni kutoka Dar es Salaam, kwani tangu mwaka 2010 Ifakara ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha sayansi za afya. Kutoka hapo hadi Mang'ula ni mwendo mfupi wa basi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine nacho kiko Morogoro, ndani ya mkoa uleule.

Wakati unaofaa ni baada ya mavuno ya mpunga, watu wanapokuwa na nafasi na njia zikiwa kavu, na mahali pawe kiwanja cha shule ya msingi, jioni, jua likianza kuificha sura yake nyuma ya Udzungwa. Wageni rasmi wakija, wakaribishwe, wakae kwenye mabenchi pamoja na wengine. Wanafunzi wa sanaa watangulie juma moja au mawili, walale vijijini, wasikilize kwanza.

Na mhadhara wa kwanza ningependa uwe juu ya kuni. Mtaalamu aeleze alivyopima msitu, ulikuwaje na sasa ukoje, na mito inategemea nini. Kisha akina mama waliokuwa wakiingia mle siku moja ya juma kabla ya mwaka 2011 wapewe nafasi ya kumwuliza wanachotaka, mmoja baada ya mwingine, hata kama basi la mwisho la kwenda Ifakara litakuwa limekwisha kupita.