Rimu inayoingia si lazima ikae: nini cha kupima kabla ya kununua rimu za gari la zamani Shinyanga na Geita

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 19, 2025, gari linalotoka Mwanza kwenda Geita halisubiri tena kivuko. Zaidi ya kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache, halafu dereva anaikanyaga lami ya Sengerema moja kwa moja. Upande wa Shinyanga nako lami ya Tinde, Isaka hadi Kahama inabeba malori ya Rwanda na Kongo, na katikati ya malori hayo yanapita magari madogo yaliyojaza abiria, yale tunayoyaita michomoko.

Barabara zimebadilika, lakini magari mengi ni yale yale. Bado tunaona Corolla, Carina, Mark II na Premio zilizoundwa Japani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari la umri huo linaweza kuwa zima kabisa, ila rimu zake za asili mara nyingi zimekwisha: zimepinda kwenye mashimo, zimeoza kwa kutu, au ziliuzwa na mmiliki wa kwanza. Mwenye gari anakwenda kwa wauza spea za mtumba, anaoneshwa rimu inayong'aa, na fundi anamwambia, "Hii inaingia, bosi."

Swali hilo la rimu limekuwa likirudi kila mara tunapofungua simu za kipindi cha asubuhi. Mmoja anauliza kwa nini usukani unatetemeka akifika mwendo wa 80. Mwingine anasema tairi zinakwangua bodi akipakia watu. Mwingine nati zimelegea mara mbili kwa wiki moja. Wote waliambiwa rimu inaingia. Makala haya yanaeleza kwa nini kuingia hakutoshi, na vipimo gani mnunuzi avijue kabla hajatoa pesa.

Kwa nini magari ya zamani hayaondoki

Sababu ya kwanza ni kodi. Tanzania haizuii kuingiza gari kuukuu, bali inalitoza zaidi. Gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa hulipiwa ushuru wa ziada, na likizidi miaka 10 ushuru huo hupanda tena. Kenya imechukua njia nyingine: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018.

Aliye na gari tayari hulikarabati. Mark II ya mwaka 1998 iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini haidaiwi tena ushuru wa kuingia, kwa hiyo kubadilisha injini, shokapu au rimu ni nafuu kuliko kuagiza gari jipya kwake.

Sababu ya pili ni dhahabu. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025. Mchimbaji mdogo akipata mzigo, gari ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, na rimu za kung'aa huwa za kwanza kubadilishwa. Hatuoni ubaya katika hilo. Tatizo linaanza pale rimu inapochaguliwa kwa macho peke yake.

Kipimo cha kwanza: tundu na duara lake

Mafundi wanakiita PCD. Ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya tundu zote za nati. Corolla ya AE110 na zile NZE121 za injini ndogo hutumia tundu 4 kwenye duara la milimita 100. Premio ya miaka ya 2000 ina tundu 5 kwenye duara la milimita 100. Mark II za GX100 na GX110 zina tundu 5 pia, lakini duara lake ni milimita 114.3.

Kwa rimu ya tundu 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Kwa tundu 5, hakuna tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo pima tundu mbili zilizo jirani, katikati hadi katikati. Ukipata karibu milimita 59, duara ni 100. Ukipata karibu milimita 67, duara ni 114.3.

Hapa pana mtego. Rimu za magari mengi ya Kijerumani zina tundu 5 kwenye duara la milimita 112. Tundu zake jirani zinatofautiana na za 114.3 kwa milimita moja na kitu tu, na rula ya mtoto wa shule haiwezi kuonesha tofauti hiyo. Fundi akikaza kwa nguvu, nati zitaingia, lakini zitakaa kwa upande na bolti zitavutwa kila gurudumu linapozunguka. Bolti iliyovutwa hivyo hukatika siku moja, na haichagui kukatika gari likiwa limesimama.

Usitegemee jina la gari pia. Jina moja la Toyota lilibeba vizazi na injini tofauti, na vipimo vikabadilika. Pima gari lako mwenyewe.

Kipimo cha pili: tundu la katikati

Tundu kubwa la katikati ya rimu ndilo linaloivalia habu ya gari. Likikaa sawasawa, rimu iko katikati kabla hata nati hazijakazwa. Kwenye Corolla na Premio tulizozitaja, habu ina milimita 54.1. Mark II ni 60.1. Subaru Impreza ni 56.1.

Chukua mfano wa Premio na Impreza yenye tundu 5 kwenye duara la 100. Rimu ya Impreza itaingia kwenye Premio, lakini itaacha nafasi ya milimita 1 kuzunguka habu. Kinachoishikilia katikati ni nati peke yake, na ikikosea kidogo usukani hutetemeka ukiongeza mwendo. Dawa yake ni pete ya kujaza nafasi hiyo, kifaa kidogo cha plastiki au aluminiamu. Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Premio haipiti kwenye habu ya Impreza, na fundi akisema ataichonga ndani, kataa.

Wengi wanaosumbuliwa na mtetemo hurudia balansi mara tatu, wakati kinachokosekana ni pete.

Kipimo cha tatu: upana na ET

Nyuma ya rimu huandikwa mfano 15x6J, ET45. Namba ya kwanza ni ukubwa kwa inchi, ya pili ni upana. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. ET ikiwa kubwa gurudumu huingia ndani ya gari, ikiwa ndogo hutoka nje.

Tuseme gari lako lina rimu ya 6J yenye ET45, nawe umenunua ya 7J yenye ET35. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje unasogea nje karibu milimita 23, na wa ndani unasogea ndani karibu milimita 3. Gari likiwa tupu huoni kitu. Likiwa na watu watano na mizigo, kisha likapita tuta, tairi inagusa bodi. Kwa mwenye mchomoko anayepakia kila siku, tairi hiyo inakatwa taratibu upande wa bega bila yeye kujua. Gurudumu lililotoka nje pia huongeza mzigo kwenye beringi na kufanya usukani uwe mzito.

Wengine hutoa gurudumu nje kwa kuweka spesa. Spesa inakula urefu wa bolti, na nati inabaki imeshika meno machache. Kama nati haizunguki kikamilifu angalau mara sita au saba kabla ya kukaza, gari hilo lisitoke gereji.

Kipimo cha nne: urefu wa gurudumu zima

Ukiongeza rimu, punguza kimo cha tairi, ili gurudumu zima libaki na kipenyo kile kile. Tairi ya 195/65R15 ina kipenyo cha karibu milimita 634. Ya 205/55R16 ina karibu 632. Hizo zinabadilishana vizuri. Lakini anayebaki na rimu ya 15 na kufunga 195/50 kwa sababu ndiyo iliyopatikana, anapata milimita 576. Gari linashuka karibu sentimita 3, na spidomita inadanganya: ikisoma 80, gari linakwenda kama 73.

Sentimita 3 ni nyingi kwenye matuta na rasta zetu, na zaidi kwenye barabara za vumbi za kwenda machimboni. Hata 215/45R17, ambayo kipenyo chake kiko karibu na cha asili, inabakiza milimita 97 tu za mpira kati ya rimu na shimo, wakati 195/65R15 ina 127. Kwa anayetoka lami na kuingia vumbi kila wiki, tunaona inchi 15 yenye tairi nene ni uamuzi wa busara kuliko 17 inayong'aa.

Nati nazo zina lugha yake

Toyota hutumia bolti za milimita 12 zenye hatua ya meno ya 1.5. Nissan na Subaru ni milimita 12, lakini hatua ni 1.25. Kwa macho zinafanana. Nati ya Nissan kwenye bolti ya Toyota huanza kuingia, kisha inakwama. Ukilazimisha kwa spana yenye bomba refu, umeharibu bolti.

Angalia pia kitako. Rimu za chuma na rimu nyingi za aloi za dukani hutaka nati yenye kitako cha koni. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Honda hutumia kitako cha mviringo kama mpira. Nati isiyolingana na tundu lake inagusa sehemu ndogo tu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya nati kulegea zenyewe. Unaponunua rimu, uliza na nati zake.

Kaza kwa kuruka, yaani nati moja kisha ya upande mwingine, wala si kwa kuzunguka mfululizo. Kiwango cha Toyota kwa magari haya ni nyutonimita 103, ambacho spana ya kupimia hukitoa sawasawa. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena.

Uzito na nyufa

Rimu ya tundu 4 kwenye duara la 100 hupatikana pia kwenye magari madogo sana ya Kijapani yenye injini ya cc 660. Kwa PCD itaingia kwenye Corolla. Lakini iliundwa kwa gari jepesi, na Corolla ya mchomoko hubeba zaidi. Tafuta namba ya uzito iliyoandikwa kwenye rimu, na kwa rimu ya aloi kutoka Japani tafuta alama ya JWL, inayoonesha imeundwa kwa kiwango cha nchi hiyo cha magari ya abiria.

Igeuze rimu, uifute, uiangalie ndani juani. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo hugongwa ikanyooka. Ya aloi hupasuka, na iliyochomelewa imepoteza nguvu mahali palipopata moto, hata rangi ikiwa mpya. Hiyo tunashauri isifungwe kabisa, hasa mbele.

Nani abebe jukumu?

Gurudumu likishafungwa, PCD, pete na kitako cha nati havionekani tena. Askari barabarani na abiria wanaona rimu inayong'aa tu. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli unafanyika dukani na gereji, kabla gari halijashuka jeki.

Tunaona mambo mawili yanawezekana bila kusubiri kanuni mpya. La kwanza, wauza rimu za mtumba waandike kwa chaki namba nne kwenye kila rimu: PCD, tundu la katikati, upana na ET. Muuzaji aliyeandika hana sababu ya kusema "itaingia" kwa kubahatisha, na mnunuzi ana la kudai kama namba si za kweli. La pili, umoja wa madereva wa michomoko katika kila stendi uwe na rula ya kupimia tundu na spana ya kukazia vya pamoja. Gharama yake ikigawanywa kwa magari ya stendi nzima, ni ndogo kuliko tairi moja.

Kwa mwenye gari, jaribio la mwisho ni rahisi. Pakia watu watano, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, pita tuta taratibu, kisha shuka uangalie tairi kama ina alama ya kukwangua. Usipoona alama, na nati zikiwa zilezile ulizozikaza, rimu hiyo imekaa. Ukiona alama, irudishe siku hiyo hiyo, kabla hujapakia abiria wa Geita.