Kihenge Kikubwa Kuliko Nyumba

Kompyuta ya shule inapokataa kufungua programu, hukumu hutolewa upesi: mashine imezeeka, sharti inunuliwe nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Zipo hitilafu zisizotokana na uchakavu wa chombo, bali na hesabu iliyoandikwa vibaya na binadamu, ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuisahihisha.

Mfano mwema ni JOSM, programu ya kuchorea ramani ya OpenStreetMap, iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Ilitumika Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Kazi ya namna hiyo yafaa pia Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ambako ujenzi umeongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Ramani ya zamani haimtoshi mkazi wa leo, na vijana wanaosoma hapo wanavijua vichochoro vyake kuliko mgeni yeyote.

Na ichukuliwe kwamba shule ya hapo ina kompyuta kuukuu yenye Windows ya biti 32. Mwalimu anashauriwa kuipa Java agizo la -Xmx2048M ili ramani kubwa ifunguke. Maana ya agizo hilo ni kwamba programu inaruhusiwa kutumia hadi megabaiti 2048 za kumbukumbu kwa data zake. Tangu hapo programu haianzi kabisa.

Sababu yake ni ya kihesabu. Anwani za biti 32 hutosha baiti 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Kwa kawaida Windows hujiwekea nusu, na programu hubakiwa na gigabaiti 2. Ndani ya hizo sharti iingie Java yenyewe pamoja na maktaba zake. Tena eneo la data hutakiwa liwe kipande kimoja kisichokatika. Hivyo kikomo halisi hukaribia gigabaiti moja na nusu. Mkulima wa Ugogo hasuki kihenge cha kujaza tembe nzima, kisha akatafuta pa kulala. Java nayo huona kwamba ombi halitekelezeki, hutoa ujumbe wa kosa, kisha hujifunga.

Basi dawa ni kupunguza, si kuongeza: -Xmx1024M, au hata -Xmx768M. Programu ikigoma bado, yakaguliwe mambo matatu. Kwanza, herufi M isisahauliwe, kwani bila hiyo 1024 huhesabiwa kuwa baiti. Pili, kiwango cha kuanzia, yaani -Xms, kisizidi -Xmx. Tatu, huenda agizo la zamani limebaki katika mipangilio ya mfumo kwa jina la _JAVA_OPTIONS, nalo hulishinda agizo jipya. Aidha, amri ya java -version hudhihirisha aina ya Java iliyomo. Yawezekana mashine ni ya biti 64 lakini imewekewa Java ya biti 32. Hapo kinachohitajika ni kuweka Java inayoilingana mashine, wala si kununua kompyuta.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu ndogo haiwezi kubeba ramani ya mji mzima. Ni kweli. Lakini hakuna anayelazimika kuupakua mji mzima kwa siku moja. Darasa laweza kuchora mtaa mmoja, likahifadhi kazi yake, kisha likaendelea na mtaa wa pili.

Hasara kubwa hapa si ya fedha pekee. Shule inayoibwaga mashine stoo bila kuusoma ujumbe wa kosa huwanyima wanafunzi somo la vipeo, vipimo na utafutaji wa sababu, yaani sayansi yenyewe. Inafaa walimu wa hisabati na fizikia wauandike ujumbe huo ubaoni kabla ya kuufunga, na wanafunzi watakiwe kueleza ni nambari ipi iliyozidi, na kwa nini.