Msiusingizie Uzazi

Majuzi nilihudhuria harambee hapa Kimulot, tukimchangia kijana nauli ya kwenda Kanada. Hema lilijaa, soda zikagawanywa, kisha mzee mmoja akashika kipaza sauti na kutoa hukumu iliyopigiwa makofi mengi: tumezaana mno, ardhi imekwisha, waacheni watoto waende. Nami nilipiga makofi, kwa adabu. Ila kijana mwenyewe, aliyeketi mbele na shada la karatasi shingoni, ana dada mmoja tu. Kwao wako wawili.

Hukumu hiyo utaisikia kwenye baraza la chifu, kwenye kituo cha kununulia majani chai, hata kanisani. Watu wanaipenda kwa sababu haimgusi mkubwa yeyote. Mwenye kosa ni mama wa watoto saba, na yeye kwa kawaida yuko shambani akichuma, hayupo kujitetea.

Tazameni hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, ijapokuwa serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa uzazi tangu 1967. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Fedha wanazotuma Wakenya walio ng'ambo nazo zilikuwa dola milioni 640 hivi mwaka 2010. Mwaka 2024 zilikaribia bilioni 5. Uzazi unashuka, safari zinaongezeka.

Najua jibu litakalokuja: wanaosafiri leo walizaliwa wakati familia zilikuwa bado kubwa. Sawa. Lakini baba zao, waliozaliwa wanane wanane, mbona hawakwenda Kanada? Walihama, tena kwa wingi, ila walielekea Trans Mara, Narok na kingo za msitu wa Mau, kokote ambako ng'ombe watatu waliweza kununua ekari. Mlango huo ukaja kufungwa. Mwaka 2018 na 2019 familia kwa maelfu ziliondolewa Mau upande wa Narok, na wengi wao walikuwa ndugu zetu wa Kipsigis. Msitu unahitaji kulindwa, sibishani na hilo. Mito yetu inatoka huko. Nasema tu kwamba aliyefukuzwa Mau hakufukuzwa na wingi wa ndugu zake.

Halafu kuna hili neno "msongamano". Kwa sensa ya 2019, kaunti yetu ya Bomet ilikuwa na watu 875,689, takriban 350 kwa kila kilomita ya mraba. Vihiga wako zaidi ya 1,000. Uholanzi, nchi inayonunua maua yetu na kuyauza kwa mnada, wanapita 500, na bado inaita watu wa nje wakaifanyie kazi. Isitoshe, ile 350 yetu hupatikana kwa kugawa watu kwa kaunti nzima, mashamba ya kampuni yakiwa ndani ya hesabu kana kwamba mimi na wewe tunayalima. Panda kilima chochote hapa utazame: upande mmoja vishamba vya robo ekari vilivyobanana, mahindi, ng'ombe mmoja na mistari michache ya chai, upande wa pili chai ya kampuni imenyooka hadi macho yachoke.

Ardhi ile haikuwa tupu. Mwaka 1919 ekari 25,000 za nchi ya Kericho zilitengewa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Kitani chao kilifeli, na kampuni za chai zikaingia katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Kipsigis ulitungiwa sheria ya kuuhamishia Gwassi, kule ziwani. Na hapa ndipo ninapocheka peke yangu: kampuni hizo zilipoanza kazi zililalamika kwamba watu hawatoshi! Zikaleta wachumaji kutoka Kisii, Nyanza na magharibi, zikawajengea kambi. Tulipohitajika tulikuwa wachache mno. Leo mashine ya kuchuma chai imeingia, basi ghafla tumekuwa wengi mno. Mei 2023 vijana walizichoma mashine hizo Kericho. Siungi mkono moto, lakini waliowasha walijua kilichowanyang'anya kazi, na hakikuwa kitanda cha wazazi wao.

Suala la wauguzi ndilo linalonikera zaidi. Zahanati zetu zina foleni za tangu alfajiri, na muuguzi aliyehitimu yuko nyumbani akilisha kuku kwa kuwa kaunti haina bajeti ya kumwajiri. Julai 2021 serikali ilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wasio na kazi Uingereza. Septemba 2024 ukaja wa wafanyakazi na Ujerumani, nchi yenye wazee wengi na watoto wachache. Je, muuguzi huyo ni ziada? Ziada kwa nani, na foleni iko pale pale?

Ukishakubali kwamba watu ni wengi mno, kazi ya serikali inabaki kuwasafirisha tu, na waziri anageuka ajenti. Anayesafirishwa wala si maskini wa mwisho. Kanada inataka pasipoti, ada, tikiti na akaunti yenye pesa. Wanaosafiri huuza ng'ombe au kukodisha chai yao kwa miaka. Yule mtoto wa nane wa mama asiye na shamba hafiki hata Nairobi. Kimulot inawasafirisha wenye kitu kidogo, inabaki na wasio na kitu, kisha inawasuta kwa kuzaliwa.

Mpango wa uzazi ni mwema, na kila mama aupate akiutaka. Lakini tusiyasahau mashamba ya kampuni: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilisema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kuikodi, na si zaidi ya miaka 99. Harambee ijayo mzee akishika kipaza sauti kuhesabu watoto, naomba mmoja wenu ainuke amuulize kwa heshima: Mzee wetu, miaka hiyo 99 inahesabiwa tangu lini, kodi yake ni kiasi gani, na nani anaipokea?