Macho ya Bibi Yana Moshi, Hayana Uchawi

BARAZA LA JUMAPILI
Na Nkwimba Masele

Bibi yangu mzaa mama alipikia vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe tangu alipoolewa mpaka miguu ilipomkatalia. Jiko lake lilikuwa kijumba cha udongo kisicho na dirisha, mlango wa kuinama, na paa la nyasi ambalo kwa ndani liling'aa weusi kama lami. Masizi yalining'inia kama nyuzi. Ukiegemea ukuta unatoka na mgongo mweusi. Moto wa mavi ya ng'ombe hauwaki, unafuka. Bibi alipiga magoti, akapuliza, akarudi nyuma kufuta macho kwa pindo la khanga, akainama kupuliza tena. Ugali wa mtama wa watu tisa haupikwi haraka. Asubuhi kope zake zilikuwa zimegandana kwa matongotongo, na sisi wajukuu tulimpelekea maji ya vuguvugu kwenye kibuyu azifungue.

Nilikuwa darasa la nne mwenzangu aliponiambia njiani, tukitoka shule, "Bibi yako mchawi. Kwani huyaoni macho yake?" Nilimpiga. Nyumbani nikachapwa kwa kupigana, na sababu sikuisema. Bibi alikufa kwa uzee, kitandani pake, watoto wake wamemzunguka. Kila nikikumbuka hilo namshukuru Mungu, maana si wote wa rika lake huku kwetu Usukumani waliojaliwa kifo cha namna hiyo.

Msomaji wa mbali asidhani natia chumvi. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 walipoteza maisha Tanzania Bara kwa imani za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukumani ndiko kulikoongoza. Baadaye yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata sasa "kikongwe akatwa mapanga" ni maneno ambayo mikoa ya Shinyanga, Geita na Simiyu haijayasahau.

Leo siandiki juu ya polisi wala mahakama. Naandika juu ya afya, kwa sababu naamini tuhuma nyingi za uchawi huanzia kwenye ugonjwa ambao ungezuilika. Fuatana nami uone.

Kuna mzee, tuseme ana miaka 63, ana ng'ombe zake, ana wajukuu, na hajapimwa presha hata siku moja. Presha haiumi, kwa hiyo hana habari nayo. Asubuhi moja anaanguka zizini. Mdomo umepinda, maneno hayatoki, mkono na mguu wa upande mmoja havinyanyuki. Hicho ni kiharusi, na daktari yeyote angekijua kabla hajamgusa. Lakini pale nyumbani linatoka neno moja: karogwa. Vijana hawampeleki hospitali, wanakwenda kwa mganga, na zile saa za kwanza ambazo zingeokoa kitu zinaishia kwenye kusubiri ramli. Mpiga ramli hahitaji maarifa makubwa. Anajua kwamba karibu kila kijiji kina bibi kizee mjane, anayeishi peke yake, macho mekundu, na pengine ana shamba ambalo mtu wa ukoo analimezea mate. Anasema tu: "Ni mwanamke mtu mzima, hayuko mbali na kwenu, macho yake si ya kawaida."

Presha ya mtu mmoja ambayo haikupimwa imekwenda kubisha hodi mlangoni kwa mwingine.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kupima presha ni mambo ya watu wa mjini, namwambia kwetu ni jambo la kulinda roho za watu wawili. Kipimo ni mkanda unaofungwa mkononi kwa dakika chache. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu na mzee anahitaji kuangaliwa. Kosa ninaloliona mara nyingi huja baadaye. Mzee anapewa dawa za mwezi, anazimeza zote, anajisikia vizuri, anasema dozi imeisha. Dawa ya presha haina kumaliza dozi kama ya malaria. Ni ya kila siku, na kujisikia vizuri si alama kwamba presha imekwisha. Mkebe wa chumvi usikae karibu na mkono wake wakati wa kula. Na ugoro, najua wazee wangu mtanuna, ugoro ni tumbaku ile ile.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bila malipo. Dirisha la wazee nimelikuta katika vituo vingi. Nimewahi pia kumsindikiza shangazi yangu kwenye kituo kimoja, akapokewa kwa heshima, akapishwa foleni, kisha akaandikiwa karatasi akanunue dawa dukani kwa sababu za bure zilikuwa zimekwisha. Alikuwa hana hela hiyo. Heshima bila dawa haishushi presha, na wenye dhamana ya kupanga bajeti za halmashauri wanalijua hili.

Narudi kwenye macho. Jicho jekundu lina sababu zinazojulikana: moshi na vumbi la miaka mingi, vikope, nyama ya jicho, maambukizi. Kila moja ina namna yake ya kutibiwa au kutulizwa, na hata mtoto wa jicho anayewapofusha wazee huondolewa kwa upasuaji mfupi, mgonjwa akaona tena. Kinachoharibu ni yale tunayoyatia wenyewe, maji ya majani yaliyopondwa, maziwa ya mama anayenyonyesha, hata mkojo. Jicho lioshwe kwa maji safi, basi, kisha mzee apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Lakini dawa ya macho isiyofika jikoni ni kazi bure. Tujiulize kwanza kwa nini bibi zetu walipikia mavi ya ng'ombe. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za mkoloni, kwanza kuwafukuza mbung'o, kisha kufungua mashamba, pamba ikiwemo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na watu wakarudishiwa nguvu ya kutunza ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yaote tena, kama wazee wa zamani walivyofanya. Miti ikaota tena, na mimi ni shahidi wa vilima vilivyorudi kuwa kijani. Hata hivyo moshi wa kuni nao ni moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Mama mwenye miaka 75 hana muda wa kulisubiri.

Na mtungi wa gesi peke yake hautoshi. Nimeingia katika nyumba ya mama mmoja, mtungi ulioletwa na mwanawe uko sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, unangoja wageni. Mama mwenyewe yuko nyuma, anapuliza mafiga. Nilipomuuliza, akasema, "Mwanangu, ukiisha nani ataujaza?" Kama huwezi kumjazia kila mara, mtobolee jiko madirisha mawili yanayoelekeana, mjengee jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, mkaushie kuni vizuri, na kiangazi apikie nje. Bora zaidi, mwondoe kwenye kupuliza. Mwanamke wa miaka 70 anayepulizia wajukuu vijana moto hajakosa nguvu kazi ndani ya nyumba, amekosa wa kumhurumia.

Kule Geita moshi una ndugu yake mbaya zaidi. Nyarugusu, Rwamgasa, na huku kwetu Mwakitolyo, wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma. Wapo wanaoichomea nyumbani, juu ya jiko lile lile la mkaa, bibi na wajukuu wamekaa pembeni. Mvuke wake hauonekani vizuri wala haunuki, lakini unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo na figo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliofika Rwamgasa na mradi wa Umoja wa Mataifa walizikuta dalili hizo kwa wachoma dhahabu. Bibi wa miaka 68 akitetemeka, nani atafikiria zebaki? Watasema uzee, au watasema lile neno jingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kuingia chumbani kwako na kulitoa jiko nje. Dhahabu ichomewe mwaloni, pale inapooshewa, kwenye chombo cha kunasa mvuke, mbali na chakula na mbali na watu. Na akina mama watu wazima wanaoponda mawe kwa nyundo karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wayamwagie maji kwanza, maana lile vumbi jeupe likishakaa kwenye mapafu halina dawa ya kulitoa, na hufungua mlango kwa kifua kikuu.

Ndugu yangu uliyeko Dar, Mwanza au Arusha, Desemba hii ukirudi nyumbani na mabegi ya sukari na khanga, usikae barazani kungoja uletewe chakula. Ingia jikoni kwa mama, funga mlango kama anavyoufunga yeye upepo ukivuma, na ukae naye mpaka ugali uive. Kesho yake asubuhi mpeleke yeye na baba wakapimwe presha na macho.